Moto Uliolala Chini ya Theluji

Jumatatu, 9 Juni

Moto umerudi. Xavier kaingia bila hodi, viatu na tope lake mpaka jikoni, akasema ule wa mwaka jana haukufa. Ulilala! Majira yote ya baridi ulikuwa chini ya theluji, ndani ya mboji, unakula polepole kama mgonjwa anayekula kwa kujificha. Sasa umeamka kwenye kinamasi cha kusini, ng'ambo ya kijito. Palepale ambapo Oktoba tulikunywa chai na kupongezana kwamba umezimika.

Mama hakuinua hata macho kwenye bata bukini aliyekuwa anamnyonyoa. "Mdogo wako ameleta samaki, au ameleta tope tu?"

Mvua hatujaiona tangu theluji iyeyuke. Kuvumwani, ule mmea laini kama sifongo unaotandaa juu ya kinamasi, ile ambayo ukiikanyaga inatoa maji mpaka kifundoni, leo imevunjika chini ya kiatu changu kama mkate mkavu.

Kazini hakuna shida. Kutoka dirisha la chumba cha redio nimeziona alama zangu zote: tangi la mafuta, msalaba wa kanisa, mnara wa simu. Nikiuona msalaba, ndege inatua. Nisipouona, haitui. Kazi yangu uwanjani ndiyo hiyo, kuwa macho ya rubani. Denis katua, kashusha maziwa, betri, na Riikka na mabomba yake. Kila kiangazi anatoka Finland kuja kuchimba kinamasi chetu, na analala chumba cha wanangu, ambacho siku hizi ni kitupu.

"Mchimba Tope amerudi," Mama akasema.

"Nimerudi, Bibi. Bado uko hai?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe ndiyo nife. Kaa ule."

Jumatano, 11 Juni

Meza yetu imegeuka maabara. Riikka katandaza gazeti, kalaza juu yake kipande kirefu cha mboji alichokivuta ardhini kwa bomba. Juu manjano, katikati kahawia, chini nyeusi kama molasi. Harufu ya chai iliyosahauliwa wiki nzima.

Mama anapenda kumchokoza, lakini leo alisikiliza. Riikka kaeleza kwamba hii yote ni kuvumwani iliyokufa ikakataa kuoza, kwa sababu maji yameinyima hewa. Ilipokuwa hai ilivuta hewa ya ukaa kutoka angani. Ikafa, ikazama nayo. Inayofuata ikaota juu yake, ikafa, ikazama. Maelfu ya miaka. Akasema vinamasi ni sehemu ndogo sana ya dunia lakini vimefungia kaboni nyingi kuliko miti ya misitu yote ikikusanywa pamoja. Kifuniko chake ni maji tu. Maji yakishuka, kifuniko kimefunguka.

"Mimi niko wapi hapo?" Mama akauliza.

Riikka kaweka vidole viwili juu kabisa, kwenye manjano. "Maisha yako yote, Bibi. Tangu uzaliwe."

Mama katazama vidole vile. Halafu: "Basi humo mna mikojo yangu. Sisi wote tulivalishwa kuvumwani kama nepi. Andika hilo kwenye utafiti wako!"

Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Xavier yuko na kikosi, wanachimba mfereji kati ya moto na uwanja wa ndege. Amepita kuchukua soksi. Anasema kuzima moto huu ni kama kumkamata panya kwenye paa la nyasi. Unaumwagia maji hapa, unachomoza kule.

Ijumaa, 13 Juni

Chifu katangaza redioni: wazee, watoto wachanga na wenye vifua waondoke kesho. Watalazwa kwenye ukumbi wa michezo wa mji mmoja kusini. Vitanda vya kukunja. Mbwa hawaruhusiwi.

Nimepanga begi la Mama. Nimeweka dawa, rozari, gauni la bluu, ile sweta anayosema inamwasha lakini anaivaa kila siku. Nikaliweka mlangoni. Nimerudi kutoka kazini nimekuta vitu vyote viko kabatini, na begi limekunjwa.

"Mimi siendi."

Nikambembeleza. Nikamwambia kifua chako, Mama. Nesi Loretta kaja mwenyewe, kampima, kasema, "Bibi, mapafu haya hayataki mzaha." Mama akamjibu kwa upole kabisa kwamba mapafu ni yake.

Xavier alikuja akafoka. Ndipo Mama akasema jambo ambalo hajawahi kutuambia likiwa kamili. Kwamba alikuwa mtoto wa kusimama kwenye magoti ya baba yake wakati ndege ya kutua majini iliposhuka mtoni. Mtu wa serikali akasema ni safari fupi, shuleni, mtarudi. "Niliporudi nilikuwa nimekwishaota matiti. Sikujua kumwomba mama yangu maji kwa lugha yetu. Nilisimama pale na kiu yangu. Kwa hiyo usiniambie habari ya ndege na safari fupi."

Mimi nikalitia begi chini ya kitanda. Ningefanya nini? Kumbeba kama gunia?

Jumamosi, 14 Juni

Ndege zimekuja mfululizo tangu asubuhi. Nimezipokea zote na kuzisindikiza zote. Msalaba unaonekana, unafifia, unaonekana tena. Watoto wanalia, vikongwe wamejifunika blanketi juani. Kila ndege ikiondoka, kijiji kinapungua kama sufuria inayokauka.

Denis kwenye safari ya mwisho: "Mama yako yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, anakaanga mkate."

"Agatha. Upepo unageuka kesho."

Najua unageuka. Mimi ndiye niliyempa hizo habari za upepo!

Riikka naye amebaki. Nafasi yake kampa mwanamke mwenye pacha. Kwanza nilifikiri ni wema. Jioni akaniambia pia kwamba vyombo vyake viko kinamasini na hawezi kuviacha. Vyote viwili ni kweli, nadhani.

Jumatatu, 16 Juni

Haitui. Siuoni msalaba, siuoni mnara, tangi naliona kama kivuli cha ng'ombe. Nimesema hivyo redioni mara ngapi sijui. Helikopta nazo zimekataa.

Barabara haipo. Barabara yetu ni ya barafu, na barafu ilikwishakuwa maji tangu Aprili. Mto umeshuka mpaka mawe yametoa migongo. Vijana waliojaribu kushuka na mtumbwi kuelekea ghubani wamerudi wameukokota, macho mekundu, wakasema bondeni moshi ni mzito kuliko hapa. Basi. Kila upande nimeupima kichwani, na kila upande ni ukuta. Miaka yote nikisikia watu wa kusini wakisema tunaishi mahali pa wazi mno, hakuna hata kilima. Leo siuoni uzio wa jirani.

Tumeziba madirisha kwa mablanketi yaliyoloweshwa. Nyumba inanuka mbwa. Mama anacheza karata na Riikka na anaiba waziwazi.

Jumanne, 17 Juni

Haitui.

Mama kakohoa wakati wa chai. Kikohozi kifupi. Akanitazama kuona kama nimesikia. Nikajifanya naosha kikombe.

Alhamisi, 19 Juni

Eneo la Riikka limeungua. Xavier alimpeleka na pikipiki ya magurudumu manne hadi ilipowezekana. Riikka amerudi uso umejaa masizi, na michirizi miwili chini ya macho. Kakaa kwenye ngazi, hakutaka kuingia.

Nikampelekea chai. Akasema ile milingoti yake ya kupimia pumzi ya kinamasi imeanguka. Miaka yote ilimwandikia jambo lilelile: kiangazi kinamasi kinavuta ndani zaidi ya kinavyotoa. Mwaka jana kuvuta na kutoa vilikuwa sawasawa. Sasa? Akaonyesha moshi kwa kidevu.

"Moto unakula kina gani?" nikauliza.

Akafungua kiganja chake, akakisimamisha wima juu ya ngazi, kutoka kidole cha mwisho hadi cha kwanza. "Hivi. Na mahali pengine zaidi."

Vidole viwili ni Mama. Sasa kiganja kizima ni akina nani? Mama yake Mama, na mama wa huyo, na wengine ambao hata majina yao hatuna. Wanaungua wote, na sisi tunawavuta puani. Nilitaka kumwambia hivyo nikaona nitamliza tena. Yeye akaendelea polepole, kama mtu anayesoma maandishi kwa mbali. Akasema joto likizidi kinamasi kinakauka, kikikauka kinaungua, kikiungua kinatoa ile hewa kiliyoifungia, na hewa hiyo inaongeza joto. "Ni mduara, Agatha. Na sisi tuko katikati yake."

"Na mlango?"

"Mvua. Mwaka huu, mvua. Baadaye sijui."

Ndani Mama alikuwa anakohoa. Sasa si kifupi. Nesi Loretta kamwekea mtungi wa oksijeni na kuniita pembeni. Mitungi haitoshi. Kuna ile mashine inayotengeneza oksijeni yenyewe, lakini zahanati inapata umeme kwa zamu tu tangu mafuta yapunguzwe. "Anatakiwa hospitali," akasema. "Jana, si leo."

Ijumaa, 20 Juni

Sitaisahau siku hii.

Asubuhi Mama kanishika mkono. Midomo yake ina rangi ya zabibu. Nikainama karibu, nikijua atasema habari ya kuzikwa wapi, maana huyapenda hayo. Hakusema hayo. Alisema:

"Nataka kwenda."

"Wapi, Mama?"

"Na ndege. Mwambie aje. Sipati hewa, Agatha. Naogopa."

Mama yangu! Sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Sauti ilikuwa ya mtoto. Ningefurahi angenitukana.

Nikakimbia uwanjani. Denis alikuwa tayari njiani na ndege ya wagonjwa, nyuma ana daktari mmoja na mzimamoto mmoja. Mlio wake nikausikia juu ya moshi, ukizunguka. Akaniita kwa jina la kijiji chetu, kama siku zote: "Amiskosipi, unaona nini?"

Dirishani niliona tangi. Si lote.

Xavier akaingia, mweusi kama chungu, anapumua kama mbwa. "Sema unauona msalaba."

"Siuoni."

"Sema tu! Denis ameruka huku nusu ya maisha yake. Uwanja huu anaujua kama kitanda chake. Mpe sababu ya kujaribu."

"Sababu au uongo?"

"Ni kwa ajili ya mama yetu, dada. Iite utakavyo."

"Ana watu wawili nyuma, Xavier."

"Na wewe una mmoja nyumbani."

Redio: "Agatha? Nikisikia msalaba nashuka. Neno lako linanitosha."

Hilo ndilo lililonimaliza. Neno langu linamtosha. Nilibonyeza kitufe, na kwa kitambo — nakiandika hapa kwa kuwa hakuna atakayekisoma — ulimi ulikuwa umekwishajipanga kusema naam. Niliona jinsi ingekuwa. Magurudumu kwenye changarawe, Mama akibebwa, mlango ukifungwa. Niliona pia misonobari ya upande wa mashariki, ambayo Denis asingeiona mpaka imekwishaingia ndani ya ndege.

"Tangi tu," nikasema. "Nusu ya tangi. Usishuke."

Akashukuru. Mlio ukaenda kusini mpaka ukaisha.

Xavier hakunipigia kelele. Alinitazama tu, akatema mate nje ya mlango, akarudi mferejini. Afadhali angenipiga.

Nilimwambia Mama: kesho.

Jumamosi, 21 Juni

Haitui. Leo hata tangi sikuliona.

Xavier kala chakula chake nje, mgongo kwetu. Riikka kalowesha mablanketi upya, kamsimulia Mama habari za mama yake mwenyewe, jinsi anavyochuma matunda ya manjano kinamasini kwao na hamwambii mtu mahali anapoyachumia. "Hata wewe?" Mama akauliza, maneno yakikatika. "Hata mimi." Mama akatabasamu. Akasema huyo ana akili.

Ukumbini kule kusini wamejibu kwamba watoto wetu ni wazima na wanakula piza. Ndizo habari njema zote.

Jumapili, 22 Juni

Naandikia mezani kwa redio. Siwezi kutulia bila kushika kitu.

Tumemleta Mama humu asubuhi, kwenye kitanda cha kukunja, kwa sababu jenereta ya uwanja ndiyo pekee inayowaka bila kukatwa. Mashine ya oksijeni iko miguuni pangu, inahema kama mbuzi aliyechoka. Mama anahema chini ya mlio wake. Nesi Loretta kamshika kifundo cha mkono, anahesabu kitu kimoyomoyo na hataki kunitazama.

Moto umepita chini ya mfereji. Kazi yote ile! Ulipita chini, ndani ya mboji, ukatokea ng'ambo ya pili, mwisho wa uwanja upande wa kusini. Ardhi pale imetitia. Juu unaona nyasi, chini ni makaa matupu. Pampu moja imezama mpaka mpini. Xavier kavuta mipira ya maji kutoka mtoni, analinda changarawe iliyobaki. Kapita mlangoni tangu alfajiri mara kadha, haingii. Mara ya mwisho kasimama.

"Dada."

"Naam."

"Ukimwambia aje, mwambie na lile shimo. Atumie upande wa kaskazini. Ni mfupi lakini nimeupima mwenyewe kwa miguu." Akakung'uta tope kiatuni. "Mwambie yote."

Nikasema nitamwambia. Alitaka kuongeza neno, akaona Mama amefumbua macho, akaondoka.

Denis yuko juu sasa hivi. Amekuja bila kuitwa. Yuko peke yake leo, hakukubali mtu apande naye. Aliuliza unaona nini. Nikampa vyote kama vilivyo: tangi lote ndiyo, msalaba hapana, shimo kusini, kaskazini pafupi, upepo unayumba, moshi unafunguka kidogo na kufunga kama pazia mtu akipita nyuma yake. Sikuongeza, sikupunguza.

Akasema, "Nina mafuta ya kuzunguka kidogo. Nitasubiri pazia lako. Ukiona chochote, sema. Usipoona, nyamaza, nitaelewa."

Kwa hiyo nasubiri. Dirisha liko mbele yangu. Nyuma ya tangi kuna weupe, tena weupe, tena kitu chembamba ambacho nimekikodolea macho mpaka kimekuwa na mikono na miguu. Si chochote. Ni machozi yangu na moshi.

Mama kanivuta upindo wa shati. Aliisikia sauti ya Denis, lakini Kiingereza cha redioni hakimwingii sikioni.

"Amesema anakuja?"

Riikka kaniangalia. Loretta kaniangalia.

"Anakuja, Mama," nikasema. "Amekwishaanza kushuka."

Akafumba macho. Vidole vimelegea, lakini shati hajaliachia. Kwake neno langu limetosha pia.

Mlio upo. Unakuja kutoka kaskazini, chini kuliko mwanzo — au ni pampu ya Xavier inazidisha mwendo? Loretta anasema ndege. Riikka anasema pampu. Weupe ule nyuma ya tangi umechanika upande mmoja, siwezi kusema nimeona nini, sijui kama nimeona. Kidole kiko kwenye kitufe. Ngoja —